Picha ya Bi Mwanaidi Iliyo Ukutani Kwako

Picha ya Ndege, Kibaha
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Kabla hata ya shikamoo nina ombi. Barua hii uisome peke yako, chumbani, mlango ukiwa umefungwa, na usiisome kwa sauti kama ulivyozoea. Neno lolote lililomo lisimfikie kaka Ambakisye, wala mkewe, wala akina mama wa kwaya. Ukimaliza itie jikoni, kwenye moto. Najua hujawahi kuchoma barua yangu hata moja. Hii nakuomba uichome, na ukifika mwisho utaona kwa nini.

Sasa shikamoo, Mama. Goti linaendeleaje? Kaka aliponipigia nilikusikia nyuma yake ukisema umepona, lakini sauti ile naijua, ukiitumia ujue hujapona. Nawaza ukipanda kile kilima na ndoo na mvua ya huko isiyojua kukatika. Mimi mwili wangu ni mzima. Joto la huku bado halijanizoea, na chakula nakula, ingawa wiki hizi mbili nimekula kama mtu anayetimiza wajibu.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ni ya kaka, na kaka hupenda kuweka spika ili nyumba nzima inisikie. Jambo hili haliwezi kusemwa kwenye spika.

Ni kuhusu ile picha. Unaikumbuka: nilikutumia ndani ya bahasha ya kaki pamoja na vitenge viwili. Mama wa makamo mwenye gauni la kijani, mtandio kaufunga kiunoni, anacheza huku amefunika mdomo kwa kiganja kwa sababu ya jino lililotoka. Nyuma yake niliandika, "Mama, ona, Bibi amerudi." Ukanijibu kwamba ulikaa chini sakafuni ukalia, kwa kuwa Bibi Tusekile alikufa bila kupigwa picha hata moja. Ukasema umeibandika sebuleni juu ya redio, na kila asubuhi unaisalimia kabla ya kuwasha moto.

Nilikuandikia pia kwamba wenyewe wameniruhusu kukutumia. Mama, hawakuniruhusu. Sikuwauliza.

Nianze mwanzo. Dada Rukia, mwenye studio ninapofanyia kazi, ni mtoto wa Kisarawe, na kazi inayomweka mjini si picha za vitambulisho wala za kanisani. Ni shughuli za wanawake. Huku kwa wenzetu Waislamu, siku moja kabla ya ndoa wanawake hukaa peke yao. Uani huzungushiwa maturubai pande zote, na ndani humo mitandio huvuliwa, nywele zilizosukwa huonekana, watu wazima hucheza kama wasichana. Mwanamume hakanyagi, hata mpiga ngoma ni mwanamke. Simu zote hukusanywa kwenye kapu mlangoni, na kando ya kapu huketi shangazi wa bibi harusi kama askari wa benki. Kamera inayoingia ni moja tu, ya Dada Rukia, kwa sababu ameahidi mambo matatu: picha hazitapanda mtandaoni, hazitashikwa na mwanamume, na hazitatoka kwenye diski moja inayofungiwa ndani ya droo. Ahadi hiyo ndiyo studio yenyewe. Akiivunja mara moja, hakuna nyumba Kisarawe nzima itakayomfungulia turubai.

Mimi ni karani wake. Picha zikirudi kwenye kadi ya kamera ninazihamishia kwenye diski, naandika kwenye daftari jina la shughuli na idadi ya picha, kisha naweka tiki. Tiki moja ni nakala ya kwanza, tiki ya pili ni nakala ya pili. Dada Rukia hafuti kadi mpaka aone tiki mbili. Anasema mitambo haina huruma, kwa hiyo kila kazi iwe na nakala mbili.

Diski nilichagua mimi. Alinituma Kariakoo kwa sababu nimesoma, alisema, na kwa sababu siharakishi. Nilizunguka maduka matatu. La kwanza lilikuwa na diski kubwa ajabu kwa bei ya karanga, nikaikataa, maana nilishasoma kwamba nyingine huandikwa ukubwa usiokuwemo, ukiijaza inameza picha zako kimya kimya. Duka la pili nilimwuliza muuzaji imetengenezwa lini, udhamini wake ni wa nani, na kama naweza kuijaza palepale kisha nifungue nilichojaza. Akanitazama akasema, "Dada, unanunua diski au unachumbia?" Wateja wakacheka. Nilinunua kwenye la tatu. Ilikuwa diski nzuri, Mama, na hilo ndilo linaloniuma. Sikudanganywa na mtu.

Nilijidanganya mwenyewe. Nilikuwa na amri mbili: kila kazi nakala mbili, na picha za wanawake zisitoke kwenye diski moja. Nikakaa nikafikiri namna ya kutii zote. Kompyuta inakuruhusu kuigawa diski sehemu mbili, kila sehemu ikawa na jina lake kwenye kioo, kana kwamba umechomeka diski mbili. Moja nikaiita Kabati la Kwanza, nyingine Kabati la Pili. Nilinakili kwenye la kwanza, nikaweka tiki. Nikanakili kwenye la pili, nikaweka tiki. Nilijiona nina akili kuliko waliotunga amri.

Karibu miezi mitatu iliyopita tulikwenda Kisarawe kwenye shughuli ya binti anayeitwa Mwanahawa. Ilikuwa baada ya alasiri. Mimi nilishika taa. Shangazi yake, Bi Tatu, ndiye aliyekuwa kwenye kapu la simu, nikamsaidia kulisogeza kivulini. Aliponiona nimesimama kama mti aliniambia, "Wewe wa bara, taa inacheza kuliko wewe." Mama wa bibi harusi, Bi Mwanaidi, alikaa pembeni muda mrefu. Dada Rukia akimsogelea anageuza uso. Alisema picha yake ni moja tu duniani, ya kitambulisho cha taifa, na humo amefanana na mtu aliyekamatwa na kuku wa wizi.

Kisha zikapigwa ngoma za kwao, za siku ya kumtoa mwali, na akanyanyuka. Akashusha mtandio kichwani, akaufunga kiunoni, akaingia kati na mwanawe. Akacheka, halafu akakumbuka jino, akafunika mdomo. Mama, alikuwa Bibi. Mkono ule ule, kichwa kimeinama upande ule ule. Taa iliniponyoka, Dada Rukia akanifinya.

Kesho yake Dada Rukia alipokwenda kuswali adhuhuri nilichapisha picha moja. Moja tu. Niliificha ndani ya kitabu cha nyimbo, na wiki ile ile nikaitia kwenye bahasha yako. Nilijiambia kwamba Tukuyu ni mbali na Kisarawe, na kwamba mama yangu ni mwanamke, kwa hiyo sijavunja kitu.

Wiki tatu baada ya harusi, Bi Mwanaidi alianguka jikoni kwake. Walisema ni presha. Hakufika hospitali.

Arobaini ilipopita Mwanahawa alikuja studio. Alikuwa bado hajachagua picha za albamu, msiba uliwahi. Aliketi mbele ya meza yangu akasema hataki albamu, anataka zile alizocheza mama yake, maana nyumbani wana ile ya kitambulisho tu, na wadogo zake wameanza kusahau alivyokuwa akicheka. Nikafungua droo, nikachomeka diski. Ikatoa mlio, tk, tk, tk, kama kuku anayedonoa bati. Kabati la Kwanza likapotea kwenye kioo, na wakati uleule Kabati la Pili likapotea. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kadi ilikuwa imeshafutwa zamani, kwa tiki zangu.

Nilimwambia Mwanahawa picha bado zinasafishwa, aje wiki ijayo. Aliniita mdogo wake, akanishukuru, akaniachia pakiti ya korosho za kwao. Korosho zile ziko mpaka leo juu ya kabati langu la nguo. Siwezi kuzila, na kuzitupa siwezi.

Nilipeleka diski kwa fundi wa Mkuza, akanielekeza kwa mwenzake wa Kariakoo mwenye vifaa vya kufungulia. Yule wa Kariakoo alisikiliza mlio mara moja, akaifungua, akanionyesha sahani ya ndani inayohifadhi picha, imechubuka duara zima. Akaniuliza nakala nyingine iko wapi. Nilipomweleza makabati yangu mawili hakucheka. Alisema, "Dada yangu, umejenga nyumba moja ya vyumba viwili. Nyumba imeungua, wewe unauliza habari za chumba cha pili."

Siku hiyohiyo nilimwambia Dada Rukia. Nilitegemea kelele. Alifungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari wa shughuli ile, akauliza, "Atu, hizi tiki za nani?"

"Zangu, dada."

Akalifunga daftari. Alisema kesho yake tutakwenda wote Kisarawe, kwa sababu mkosaji ni mimi lakini aliyeahidi ni yeye. Ile ya kwako sikumwambia. Nilijaribu mara mbili, nikashindwa.

Tulikaa kwenye mkeka, katika chumba alimokuwa akilala Bi Mwanaidi. Mwanahawa alikuwepo na shangazi yake, Bi Tatu. Dada Rukia alisema yote bila kujitetea na bila kunisukumia mimi. Mwanahawa alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, na hakuacha. Mwishowe akasema, kama anayejiambia mwenyewe, "Kwa hiyo hakuna hata moja."

Sijui nilipata wapi sauti. Nikasema, "Ipo moja."

Dada Rukia aligeuka akanitazama, na sitaki kuona tena mtu akinitazama vile. Nikaeleza: kuchapisha, kitabu cha nyimbo, bahasha. Bi Tatu alipiga kofi moja kwa mikono yake, akasema, "Mimi mtu mzima nimepokonya simu za wakwe zangu nikachukiwa, kumbe mwizi kashika taa." Nililia, Mama, na hakuna aliyenibembeleza, na ilikuwa haki yao.

Mwanahawa aliweka ungo chini. Hakuuliza picha iko wapi. Aliuliza, "Yuko wapi?"

Nikamwambia yuko Tukuyu, ukutani kwa mama yangu. Akauliza kwa nini kwa mama yangu. Nikamweleza habari za Bibi Tusekile, jino lake na kiganja chake, kwamba hakuacha picha, na kwamba wewe unaisalimia ile kila asubuhi. Kisha akauliza kama wanaume wanaingia kwenye chumba hicho. Nilitaka kusema hapana. Nikasema ni sebule, wanaingia. Bi Tatu akaomba msamaha kwa Mungu kwa sauti ya chini.

Mwanahawa alicheka na machozi yakamtoka pamoja. Alisema, "Mama angekasirika wiki nzima, halafu angeniuliza kama alipendeza."

Wakati wa kuondoka Dada Rukia alisema nikupigie simu papo hapo, uibandue na kuituma kwa basi la kesho. Mwanahawa akamkatalia. Haya ndiyo maneno yake, nayaandika kama alivyoyasema: "Asimpigie. Amwandikie amwombe. Mimi najua kuondokewa na mama, simtakii mwenzangu aondokewe mara mbili." Halafu akanigeukia. "Na mwambie huyo aliyeko ukutani anaitwa Mwanaidi. Kama anamsalimia, amsalimie kwa jina lake."

Hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Mama, kuna jambo moja sikuombi, nakusihi ulitende leo hii. Ibandue ukutani. Hata kama hutaki kuirudisha, ibandue, uifunge kwenye kitambaa safi, uiweke chini ya nguo zako. Mtu akiuliza, sema mwanangu amekosea kunitumia. Hutakuwa umesema uongo. Na usikubali kaka aipige kwa simu yake ili ubaki na kivuli chake. Najua wazo hilo litakujia, kwa sababu lilinijia mimi kwanza. Na barua yenyewe ichome, maana humu nimeeleza alivyocheza bila mtandio, na mwanamume akiisoma ni kama ameiona picha.

La kuirudisha nakuachia wewe. Najua ninachokuomba. Nimekuwa nikijaribu kukuwaza ukisimama mbele ya redio asubuhi na ukuta ukiwa mtupu, na kila mara naiweka kalamu chini. Nilitaka kukupa mama yako, nikakupa mama wa mwenzangu. Ukikasirika nami una haki, ila kasirika ukiwa umekaa, kwa ajili ya goti.

Habari za kazi ni hizi. Dada Rukia hajanifukuza. Amesema nifanye kazi mpaka picha ifike au isifike, ndipo atajua moyo wake unasemaje. Na jambo ambalo sikulitegemea, amenituma tena mimi kuchagua. Amesema aliyeungua ndiye anayeujua moto. Mara hii ziko diski mbili kwelikweli, za watengenezaji tofauti, nilizozinunua maduka tofauti, ili zisije zikawa na ugonjwa mmoja. Zote zina nywila, mwizi akiziiba hazifunguki. Moja iko kwenye droo hapa. Nyingine inakaa Kisarawe kwa mama yake Dada Rukia, ndani ya sanduku lake la kanga, kati ya kanga zenye harufu ya udi, mahali ambapo hakuna mwanamume aliyewahi kutia mkono. Ahadi ya zamani ilikuwa diski moja, kwa hiyo Dada Rukia amepita nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa ya diski mbili, na mimi nikimfuata nyuma na daftari. Kadi haifutwi tena mpaka bibi harusi achukue albamu yake mkononi. Kila Ijumaa nafungua picha kumi kutoka kila diski, nazitazama moja moja, ndipo naweka tiki. Nakala ambayo hujaifungua ni tumaini tu, Mama. Bado natega sikio kwa ule mlio kila ninapochomeka, lakini nafungua.

Na usiku wa juzi nilijiuliza, wewe nina picha yako ipi? Ile ya kitambulisho, basi. Sina hata moja ukicheka. Nikipata likizo ya Krismasi, na kama nitakuwa bado nina kazi, nitamwomba Dada Rukia kamera. Utavaa kitenge unachokipenda, na nitakungoja mpaka usahau kwamba niko hapo.

Nisalimie kaka Ambakisye, mwambie nimeandika kuhusu kitambaa, jambo ambalo si uongo sana. Nisalimie shemeji yangu na mtoto aliyeota meno. Msalimie mjomba fundi cherehani, suruali aliyonitengenezea bado inanikaa. Msalimie mama mlezi wangu wa ubatizo, umwambie nasali, bila kumwambia naomba nini. Na ukipita kaburini kwa Bibi, mwambie samahani nilimwita kwa sura ya mtu mwingine.

Mwanao anayekupenda na anayeogopa jibu lako,
Atuganile

Maelekezo haya ya mwisho uyanakili kwenye karatasi nyingine kabla hujaichoma barua. Ukikubali, iweke picha kati ya majalada mawili magumu ya daftari. Mwanahawa amesisitiza isikunjwe. Funga kwa kitenge, ushone pembeni kwa uzi. Juu andika jina langu tu. Usimpe mwanamume. Mpe Sekela anayekata tiketi stendi ya Tukuyu, yeye ampe mhudumu wa kike wa basi, naye anikabidhi mimi mwenyewe. Basi la asubuhi hupita Kibaha jioni, na mimi nitakuwa stendi, kwenye benchi lililo karibu na ofisi ya mizigo, nimevaa sweta lako la kijivu hata kama kuna joto, ili asinikosee. Usitumie simu ya kaka. Nenda kwa muuguzi wa zahanati, namba yangu anayo, umwombe akupigie kisha akuachie simu. Sema tu "kitambaa kimeondoka," nitaelewa. Kama umekataa, sema "kitambaa bado," nami nitakwenda Kisarawe kumweleza Mwanahawa kwa mdomo wangu, bila kuongeza wala kupunguza. Na kama siku zitapita bila simu, sitakusumbua. Mwanahawa amesema atangoja. Amesema nikuambie kwamba kuaga kunahitaji muda, umuage kwanza, ndipo upige.